Mchoro Uliopungua Milimita Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini Kariobangi, Nairobi, Meneja wa Uzalishaji alinikabidhi pasi ya nguo, beseni la plastiki na chupa ya maji ya kahawia, akaniambia nisiyamwagie nguo wala nisiyaonje. Nilijiuliza ni nani aliyewahi kuyaonja hadi meneja akaona lazima aseme. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa redio karibu na Mukuru kwa Njenga, na huko nilijifunza kutomwamini mteja yeyote anayedai redio ilizimika tu yenyewe. Ndivyo nilivyo. Nikiambiwa maji yamechemka, nachungulia sufuria.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, na karakana yetu ilitengeneza chaja za betri na ving'ora vya maduka. Kila kifaa kilihitaji kibao cha saketi, yaani kibao kigumu chenye utando wa shaba ambao vipuri huchomelewa juu yake. Vibao hivyo tulijitengenezea. Karani wa michoro alichora njia za umeme kwenye kompyuta, akazichapa kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa. Mimi niliilaza karatasi hiyo kifudifudi juu ya shaba na kuipiga pasi ya moto mpaka wino ukahama. Kisha kibao kiliingia kwenye beseni la ferik kloraidi, yale maji ya kahawia, yakaila shaba yote isipokuwa iliyofunikwa na wino.

Kazi ya beseni niliifanyia nyumbani, kwa sababu mwenye jengo la karakana hakutaka dawa ndani. Majirani zangu wa ploti, zile nyumba za kupanga za uani, waliamini napika pombe. Mama mwenye ploti alikuja mara mbili kunusa beseni. "Musyoka, hii ni chang'aa ya aina gani?" aliniuliza. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningekuja mara tatu.

Jambo linalowashinda wengi katika kazi hii ni kipimo. Miguu ya chipu, kile kipuri cheusi chenye safu mbili za miguu, imeachana sehemu moja ya kumi ya inchi, sawasawa, kiwanda chochote kile. Mchoro ukichapwa umepungua hata kidogo, chipu ya miguu minane itaingia bila shida, maana kosa ni dogo kuliko tundu. Lakini chipu ya miguu arobaini ina safu mbili za miguu ishirini, na kosa linajumlishwa kila mguu. Ukifika mwisho wa safu, mguu umeliacha tundu kwa milimita nzima. Kwa hiyo nilimwagiza karani achore chini ya kila karatasi mstari wa milimita mia moja. Karatasi ikinifikia, niliweka rula juu ya mstari kabla ya kushika pasi.

Karani huyo aliitwa Mwikali, mtu wa kwetu Kitui, mama wa watoto wawili aliowalea peke yake kwa mshahara huo. Alikuwa mpole na hodari, na nadhani hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Disketi zenye michoro yetu alizibeba kwenye mkoba wake kila jioni. Alisema vumbi la karakana lingeziharibu. Mchana alikula chakula na mwanamke wa karakana ya ng'ambo ya barabara, washindani wetu, waliokuwa nao wameanza kutengeneza ving'ora. Baadaye sana nilisikia kwamba wawili hao waliimba kwaya moja. Wakati ule niliona disketi, nikaona chakula, nikaunganisha.

Kisha tukapata oda ya ving'ora vipya vinavyotumia chipu ya miguu arobaini. Nilipika vibao kumi, vikatoka vizuri, na hakuna hata kimoja kilichokubali chipu. Meneja alikishika kimoja, akakitazama kwenye mwanga.

"Musyoka, hii kitu inakataa kuingia. Nani ametuharibia?"

"Mimi nilipima," nikamwambia. "Mstari ni milimita mia kamili. Kama karatasi iko sawa na matundu hayako sawa, basi mchoro wenyewe umeguswa."

Sikujua kutumia kompyuta, na singeweza kuufungua mchoro nijionee. Hilo sikulisema. Nilichosema ni kuhusu disketi na yule mwanamke wa ng'ambo. Mwikali aliitwa, akaja na moja ya karatasi zake, akanipa mkononi.

"Fundi, hebu igeuze upime na ule upande mwingine," akaniambia. "Laini yako imelala upande mmoja tu."

"Ndio upate nafasi ya kubadilisha?"

"Nibadilishe nini na umeishika wewe?"

Sikuigeuza. Niliona ananipotezea muda, na mtu anayepoteza muda ana jambo. Meneja alimwomba funguo za ofisi; Mwikali akampa, akachukua mkoba wake akaondoka. Niliridhika. Naliandika neno hilo kwa aibu, lakini niliridhika kweli.

Karani mpya alikuja wiki chache baadaye, moja kwa moja kutoka chuoni. Aliuchora mchoro upya kutoka mwanzo, akauchapa, nikaupika, na chipu ikakataa. Nilianza kwa kumshuku naye kwamba ametumwa na wale wa ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu, nikiwa nyumbani na karatasi yake mezani, niliiwekea rula kwa urefu. Mchoro uliotakiwa kuwa na urefu wa milimita mia ulikuwa na tisini na nane.

Roli za mpira ndani ya printa zilikuwa zimechakaa. Karatasi iliteleza kidogo ilipovutwa, kwa hiyo mchoro ulifupika kwa urefu na kubaki sawa kwa upana. Mstari wangu ulikuwa wa upana. Mimi ndiye niliyeagiza uwekwe pale.

Nilimweleza Meneja nusu ya habari: kwamba roli zimekwisha na kwamba nina dawa yake. Jina la Mwikali sikulitaja, wala yeye hakuuliza. "Kichwa yako inafanya kazi, Musyoka," akasema, akanifanya Mkaguzi wa Vibao. Roli zilibadilishwa, na tangu hapo kila karatasi ilikuwa na mistari miwili, mmoja wa upana na mmoja wa urefu. Tena niliibandika karatasi juu ya ndala iliyokwisha, nikachomeka chipu yenyewe, nione kila mguu unatoboa katikati ya alama yake. Nanyi fanyeni hivyo. Ndala haina hila.

Niliishikilia nafasi hiyo hadi nikastaafu. Kustaafu kuna ubaya wake: huna cha kukagua, unabaki kujikagua. Niliulizia kwa watu wa kwetu, nikaambiwa Mwikali yuko Tassia, si mbali na karakana yetu ya zamani, anashona sare za shule chini ya jengo la kupanga. Nikaenda.

Alinipa kiti na chai, akaniita Mzee Musyoka kwa heshima yote. Nilimweleza habari za roli, za mstari, za karatasi niliyoigeuza nimechelewa. Aliendelea kushona kifungo.

"Nilijua ni printa," akasema. "Na nilijua wewe pia unajua. Fundi kama wewe angekosaje kujua? Ulitaka nitoke."

"Siku ile sikujua, Mwikali. Naapa. Nilikuja kujua baada ya mwezi."

"Baada ya mwezi."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa hapa hapa Eastlands."

Nilirudia kwamba siku ile sikujua, nikaeleza tena polepole. Akauacha uzi, akanitazama usoni, kisha mikononi, kama mtu anayetafuta nilichoficha. Nimewatazama watu hivyo maisha yangu yote, na sikujua kunauma kiasi kile. Nilikuwa nasema kweli, na hakuniamini.