Aliyepitishwa Mikomani

Usiniambie mimi kwamba jina ni jina tu, bora mtu afike. Atafika vipi? Mimi namjua mtu aliyepitishwa kwao mchana kweupe, macho yake yanaona na masikio yake yanasikia, kwa sababu ya jina. Kaa nikwambie.

Kwetu ni Mikomani, kando ya barabara ya Lungalunga, ukitoka Msambweni kwenda Ukunda. Shule niliiachia darasa la saba, sitakudanganya, lakini haya mambo ya majina nimeyauliza mpaka wazee wakanichoka. Msambweni, wanasema, ni mti, msambwe. Kona ya Musa ni mtu. Na Mikomani ni mikoma, ile miti inayotoa miyaa ya kusukia mikeka. Bibi yangu na mdogo wake walikua chini ya mikoma hiyo wakisuka ukili, huyu anaanza ncha, yule anapokea. Mdogo mtu akaolewa Majoreni, huko upande wa Vanga. Mikoma ndiyo iliyokuwa kibao chetu. Ukiiona, unashuka.

Kisha wakaja watu wa bara wakanunua mashamba. Wakafyeka mikoma wapande mahindi, wakajenga kanisa la mabati na vibanda kando ya barabara, wakapaita Kyeni. Kwa Kikamba ni mwangaza. Makonda wa Ukunda, wengi nao ni watu wa kuja, wakashika Kyeni. Hata watoto wetu wakashika. Sisi tukawa tunasema Mikomani nyumbani na Kyeni ndani ya gari, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Sasa, bibi na mdogo wake walikuwa na ahadi: atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake wa karibu yake, na hawa wawili walikuwa wameshachaguana tangu usichana wao. Hakuna aliyeifanyia mzaha ahadi hiyo.

Bibi alikufa alfajiri, mwaka ule wa baada ya mvua za El Nino. Mjomba akampa ujumbe dereva wa gari la Vanga: mdogo wa marehemu aje, tunamngoja. Wanaume wakasema mazishi baada ya adhuhuri. Mama akawaomba. Wakasogeza mpaka alasiri, zaidi ya hapo hapana, maiti haicheleweshwi. Mimi nikatumwa barabarani kumpokea.

Nikasimama juani. Gari likaja kutoka Lungalunga, konda ananing'inia mlangoni: "Kyeni! Kuna wa Kyeni?" Kimya. Likapita. Likaja jingine, "Kyeni! Kyeni!" Kimya, likapita. Wallahi, moja katika hayo lilikuwa na bibi yangu mdogo ndani. Alikuwa hajaja tangu mikoma ifyekwe, ameangalia nje anaitafuta. Hakuiona. Na Kyeni si kwao, aitikie nini?

Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alimwambia konda tangu mwanzo, "Mwanangu, unishushe Mikomani." Konda akamjibu, "Sawa mathe, tulia," naye hajui Mikomani iko wapi. Akashtukia yuko Kona ya Musa, Ukunda, watu wote wanashuka. Akauliza.

"Mikomani gani, shosho? Ya Mombasa?"

Mwingine akacheka. "Hiyo stage ilikufa."

Anaambiwa hivyo, na dadake yuko kitandani anamngoja. Mpaka muuza samaki mmoja, Mdigo mwenzetu, akamshika mkono akampandisha gari la kurudi.

Huku alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Mama alimwosha bibi, jeneza likatoka, mimi bado niko barabarani. Ndipo akashuka, kutoka upande wa Ukunda ambao sikuutazamia, na bunda la ukili kwapani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mlihama lini?"

"Hatukuhama, bibi. Ni hapa hapa."

Akaangalia vibanda, akaangalia kanisa, akaangalia mahindi. "Hapa nimepita," akasema. "Nimepaona, nikapita."

Kwenye njia ya nyumbani tukakutana na wanaume wanarudi makaburini, mikono ina udongo. Bibi mdogo hakulia. Alipofika alimwuliza mama jambo moja tu.

"Nywele ulimsuka?"

"Nilimsuka."

"Misuko mitatu?"

"Mitatu, mama."

"Umefanya vizuri." Akakaa mkekani, ukili mapajani, na ile ncha ya kupokewa haina mtu.

Siku ya pili akaja mama mmoja wa Kikamba, mwenye kibanda pale stendi, na sufuria ya mahindi na maharagwe. Nikamrukia kabla hajaitua.

"Mmeona mlichofanya? Jina lenu limemnyima mtu dadake!"

"Nyamaza wewe!" mama akanikemea. "Mtu amekuja kuhani, unamfokea?"

Yule mama hakukasirika. Akasema, "Kyeni ni kule mama yangu alizikwa. Shamba lilikwisha, tukaondoka. Nilibeba jina. Ningebeba nini ingine?"

Bibi mdogo ndiye aliyeinua uso.

"Wewe una dada?"

"Ninao wawili. Wako huko kwetu."

"Siku yako ikifika, wataambiwa uko wapi?"

"Wataambiwa niko Kyeni."

"Kyeni ipi?"

Yule mama akaitua sufuria. Akakaa chini kando ya bibi mdogo, na hakuondoka mpaka magharibi.

Matanga yalipokwisha nikamsindikiza bibi mdogo barabarani. Gari likaja, konda anaita Kyeni. Yule mama akatoka kibandani na mwiko mkononi. "Sema na Mikomani! Sema zote mbili!" Konda akacheka: "Mathe, mikoma iko wapi?" Lakini akasema. Siku hizi wako makonda wanaosema, na wako wasiosema, na hao nagombana nao mpaka wananiita kichaa wa Mikomani. Waniite. Bibi mdogo hajarudi tena, miguu haimchukui. Mimi sijasema nimesamehe. Nasema tu, wewe unayeniambia jina ni jina tu: ukifa kesho, dada yako atashukia wapi?