Matobolwa ya Mtani na Ripoti Iliyogoma

Mimi ni Mgogo niliyehamishiwa Bariadi kikazi, na Masanja, Msukuma wa meza ya jirani, ni mtani wangu. Vituko alivyonifanyia vinajaza gunia la pamba. Kwa hiyo asubuhi ya kikao na wakulima, nilipotaka kurekebisha ripoti yangu kwenye folda yetu ya pamoja, na kompyuta ikasema faili linatumiwa na mtu mwingine, sikuhitaji mganga wa kunitajia huyo mtu.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya wa mtandao nikaupuliza. Wapi. Basi nikateka bakuli lake la matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa.

"Funga faili, mtani, la sivyo haya yanaliwa."

"Sijawasha hata kompyuta, mtani. Ila kula taratibu, yanakaba."

Nikayabugia kwa hasira. Ndipo fundi wetu wa kompyuta akapiga simu kusema faili liko wazi kwenye kompyuta ya ukumbini. Nikatimua mbio kumfumania mwizi, mdomo umejaa.

Nikasukuma mlango. Ripoti yangu ilikuwa imetanda ukutani, vilevile nilivyoiacha mapema nilipokuwa najaribu projekta. Bosi na wakulima wote wakageuka.

"Mwenye ripoti huyu hapa," bosi akasema. "Karibu utufafanulie."

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka, zilitoka chenga za matobolwa.

Nyuma yangu Masanja akasema kwa upole, "Mvumilieni kidogo. Bado anamtafuta aliyeifungua."