Shahidi Aliyefichwa Musinzira

Vijana mnaonisoma, leo sina utani nanyi. Juzi nimeletewa habari kutoka Butihinda, kilimani kwetu kwa zamani, kwamba jirani yangu wa zamani, tuliyerudi naye kutoka ukimbizini Tanzania, amefariki. Yeye amezikwa, kesi yake ya shamba bado. Imemwangukia mjane wake, ambaye akishindwa hana pa kulala wala pa kulima, na tangu nisikie hivyo nalala usingizi wa kuku.

Shamba lile lilinunuliwa na baba wa marehemu, enzi hizo mimi ni mke mgeni pale kilimani. Hakuna aliyeandika kitu. Ililetwa pombe ya ndizi, ile tunayoiita agatutu, na kila aliyeinywa akawa shahidi wa mauzo. Mimi ndiye niliyemimina, na mmiminaji huonja kwanza, basi nami nikawa shahidi. Kisha vita, tukakimbia. Kurudi, tukamkuta mtoto wa muuzaji analima, naye anaamini kabisa ni la baba yake.

Jirani yangu, angali hai, akashtaki. Huko Muyinga hakimu aliwaambia wote wawili: kabla ya siku ya kusikilizwa, kila mmoja amjulishe mwenzake ana mashahidi gani, apate kujiandaa kujibu. Mtoto wa muuzaji akataja wake. Huyu wetu akanyamaza. Kumbe alipanda gari hadi Gitega, akanitafuta hapa Musinzira ninakokaa na binti yangu. Alikunywa chai, akashusha sauti.

“Mama, mi sitakutaja. We kaa kimya, siku ile nikutoe ghafla. Akikujua mapema atakununua.”

“Aninunue ya nini, na meno haya mawili?”

Akacheka, lakini hakulegea. Nikamwambia kesi si kuvizia sungura, hakimu atauliza mbona huyu bibi hukumtaja. Akanijibu:

“Kambini tulijifunza nini, Mama? Ukionyesha ulicho nacho, unanyang'anywa.”

Kweli, ndivyo tulivyoishi. Lakini, wanangu, kuficha kulituokoa ugenini, na nyumbani kunatumaliza. Anayetaka haki aweke mambo yake mezani mapema, mpinzani ayaguse, ayapinge, ili hukumu ikitoka isiache kinyongo kati ya watu wanaochota maji kisima kimoja. Mwenzangu wa mwisho aliyekunywa pombe ile alikuwa akikaa mtaa wa Magarama, naye ametangulia. Nimebaki mimi na kikohozi changu. Nikifa nimefichwa, mjane yule atafukuzwa kwenye shamba ambalo najua ni lake.

Basi jana niliwaita wa nyumbani kwangu wote, nikawaambia: “Mpigieni mjane simu, aende kwa karani wa mahakama akalitaje jina langu. Nami nitafutieni gari la Muyinga. Na yule anayelima, mwambieni wazi nakaa wapi. Akija kuniuliza, asifungiwe mlango. Mpeni kiti, mkiweke karibu nami, sauti yangu haifiki mbali.”