Mgonjwa wa Maana

Rosalba alisomea ng'ombe. Miaka kumi na moja alidunga sindano ng'ombe, mbuzi na nguruwe katika zahanati ya mifugo pale Wandegeya, na usidhani kuna mkubwa aliyewahi kumwambia hata ahsante. Hadi asubuhi moja ya mwaka 1974, Landrova ilipoleta mgonjwa wa maana: paka wa Meja.

Meja alikuwa amegawiwa nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa nchini na serikali, pamoja na makochi, piano asiyojua kuipiga, na paka. Sasa paka anatapika, udenda unamtiririka, na askari wawili wanamnywesha maziwa kwa nguvu, maana kwetu sumu yoyote dawa yake maziwa. Maziwa, jamani! Na akina mama wamepanga foleni ya maziwa tangu alfajiri.

Nyuma ya gari walikuwepo washtakiwa wawili chini ya ulinzi: kichaka cha maua, kimeng'olewa na mizizi yake, na Odoch, mtunza bustani, mikono imefungwa, mdomo umepasuka.

"Huyu ametega sumu," Meja akasema. "Hii paka ikikufa, na yeye anakufa."

Rosalba alijua heri kunyamaza, lakini ulimi haukumtii.

"Afande, acheni hayo maziwa. Hayaondoi sumu, na yatampalia."

Akamfungua paka kinywa. Kati ya meno akatoa kipande cha jani, akakilinganisha na yale ya kichaka. Jani lile lile. Kumbe kuukamata mmea ndilo jambo pekee la akili walilofanya siku hiyo! Bila huo angetibu kwa kubahatisha. Akamsafisha kinywa, akamnywesha unga wa makaa ya dawa kwa maji, kidogo kidogo.

"Nani alipanda hii?" Meja akauliza.

"Tazama shina, afande, nene kama mkono wangu. Odoch ana miezi mitatu tu kwako."

Meja akalitazama shina. Aliyepanda ni yule Mhindi, naye sasa alikuwa Ulaya, na Landrova haifiki huko.

Saa saba paka akainua kichwa, akamng'ata Rosalba. Meja alicheka kwa furaha, akamshukuru Mungu, akampakata mgonjwa wake, gari likaondoka. Odoch, aliyeshushwa na askari pamoja na kichaka, alisahauliwa pale sakafuni, kamba mikononi. Pole? Pole ya nini, kwani yeye paka?

Rosalba akaikata kamba, akachukua maji yaliyobaki kwenye bakuli la paka, akaanza kumsafisha mdomo.

"Mama, amepona kweli?" Odoch akauliza.

"Amepona, mwanangu."

Hapo ndipo Odoch akaanza kulia.