Barua Pepe za Ghala la Namtumbo

Justa Komba alitunza kumbukumbu za kampuni moja ya kununua tumbaku, katika ofisi yake ya Majengo, Songea, kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 2021 mashine ya ghala la Namtumbo ilimkata vidole vitatu msimamizi wa ghala hilo, Valeriani. Wiki mbili baadaye meneja alimwagiza Justa afute barua pepe zote za zamani, akidai kompyuta imejaa.

"Hata za Namtumbo, bosi?"

"Zote, dada Justa."

Akazifuta.

Valeriani alipoishtaki kampuni, alieleza kwamba kabla ya ajali aliandika mara tatu kuonya kuwa mashine ile ni mbovu. Wakili wa kampuni akakana, akasema barua hizo hazikuwahi kufika. Justa akaitwa kutoa ushahidi.

"Zilifika," alisema, ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Nilizisoma mwenyewe. Nikazifuta kwa agizo la meneja."

Hakimu alisema kampuni iliyofuta kumbukumbu baada ya ajali haiwezi kujitetea kwamba kumbukumbu hizo hazipo. Valeriani akashinda kesi.

Nje ya mahakama Justa alimwomba radhi.

"Umechelewa, dada," Valeriani alijibu, "lakini umesema."

Tangu siku hiyo meneja hakuitikia salamu yake. Baada ya miezi miwili Justa aliacha kazi mwenyewe. Sasa anatunza vitabu vya ubatizo parokiani, na hajutii alichosema kizimbani. Anajutia kufuta.