Mama Samiha na Vitabu vya Picha

Zamani mjane wa Tanga alikaa eda akiwa amezungukwa na wanawake wa mtaa mzima, na mwanawe akilala kwa hadithi za mabibi watatu wanne; siku hizi anakaa na pazia lake, na mtoto huazimiwa kitabu cha picha maktaba, kirudishwe baada ya wiki mbili.

Ninayemsema ni Saleha, tuliyekuwa tukimwita Mama Samiha, jirani yangu hapa Duga, nyumba ya tatu kutoka barabara iendayo Horohoro. Mumewe, Idarusi, alikuwa akichukua samaki Moa na kuwaleta mjini kwa pikipiki, na barafu ndani ya tenga. Alirudi kabla ya magharibi. Binti yao Samiha, wa miaka sita, alimngoja mlangoni ili akalishwe mbele, juu ya tangi, apige honi mwenyewe mpaka uani. Mwaka juzi, wakati wa masika, lori lilimgonga Idarusi njiani. Watu wake wa Moa walimzika siku ile ile, huko huko kwao. Samiha hakupelekwa. Aliambiwa baba kasafiri.

Sijui nani alilitamka kwanza neno hilo. Sisi hatukufichwa mauti. Babu yangu alipokufa, huko milimani kwetu, niliingizwa chumbani nikaambiwa nimguse mkono, kwamba huyu hatazungumza tena. Nililia, nikala, nikalala. Siku hizi mtoto anabebwa kama bilauri, na wanaombeba ndio wanaomwangusha.

Saleha aliingia eda kama alivyolelewa kwao Ushongo, upande wa Pangani: nguo nyeupe, bila manukato, bila wanja, bila kuvuka kizingiti kwa miezi minne na siku kumi. Wanawake walijaa mpaka siku ya khitma. Baada ya hapo kila mmoja akapata udhuru wake. Kundi la mtaa kwenye simu liliendelea kumtumia viganja vya dua vilivyochorwa, na hivyo kila mtu akajiona ameshahani, ameshatoa pole yake. Nyumbani alibaki na shangazi yake, Bi Kijakazi, mwenye miguu iliyovimba na masikio yaliyochoka.

Basi kila ilipokaribia magharibi, Samiha alichomoka akaenda kusimama ukingoni mwa lami kumngoja baba yake. Malori ya Mombasa hayapunguzi mwendo pale. Saleha alimwita kutoka dirishani, akamwita tena, na Bi Kijakazi akajikokota kumfuata. Mara nyingi vijana wa bodaboda ndio waliomrudisha, wakimtania kwamba abiria bila nauli hapandi.

Jumamosi moja, nikielekea maktaba kusoma magazeti, sauti iliniita nyuma ya pazia la dirisha. Shikamoo, marahaba. Akaniuliza kama huko niendako kuna vitabu vya watoto, vyenye picha, pengine Samiha atashikika ndani jioni. Nikamwambia vipo, ingawa kwa kweli sikuvithamini. Mimi nilijua kusoma nikiwa mkata mkonge, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, na kitabu kwangu ni maneno. Nilichukua vitatu bila kuvichungua. Ritha, anayekaa mezani pale maktaba, aliuliza kama nimeamua kurudia darasa la kwanza.

Nilipokaa barazani kwa Saleha Jumamosi iliyofuata ili nivirudishe, alikuwa na maoni yake, na hakungoja niyaombe.

Cha kwanza kilikuwa cha sungura mdogo anayelazwa chumbani peke yake, mama akazima taa na kufunga mlango. Saleha alitaka kujua mtoto huyo amewakosea nini wazazi wake. Cha pili kilihusu soko la samaki. Hicho kilimwudhi.

"Samaki ana kope, Baba Luka," alisema. "Ana kope kunishinda mimi. Aliyechora hiki hajapata kupara hata dagaa."

Cha tatu kilikuwa na bibi anayeishi na paka, wajukuu wakimtembelea Jumapili wakiwa wamevaa viatu. Aliuliza bibi huyo watu wake wako wapi, na kwa nini wote wanacheka. Luka, mwanangu wa pekee, yuko Mwanza, na hapa nyumbani hata paka sina.

Tukaendelea hivyo wiki kwa wiki. Mimi nachukua, yeye anavisoma na mtoto, kisha natajiwa makosa yao nikiwa nimekaa barazani, naye akishona kofia nyuma ya pazia. Ushonaji wa kofia ndio ulikuwa riziki yake siku zile. Alisema wanyama wa vitabu hivyo wote ni walimu wa darasa, hakuna hata mmoja anayekula mwenzake, na simba anayefundisha kupiga mswaki amfundishe nani. Alisema watoto wa humo hawatumwi dukani. Alisema mama wa humo hachoki, na kama yupo mwanamke wa namna hiyo aletwe Duga apokee kazi.

Siku moja niliokota kwa haraka kitabu kisicho na neno hata moja, mvua tu, kuanzia wingu mpaka madimbwi. Nilidhani wametuibia. Hicho ndicho alichokipenda Saleha. Jioni ile, nikiwa kwangu, nilimsikia akiita "Paukwa", na mtoto akiitika "Pakawa", kisha akaifungua mvua ile kwa lafudhi ya kwao, polepole, huku na Bi Kijakazi akichomekea vituko vya enzi zake. Nilizima redio. Ilikuwa miaka mingi sijasikia nyumba ya mtaa huu ikihadithiana. Wiki ile yote Samiha hakwenda barabarani, na mimi nikaanza kudhani tumeshinda.

Kisha kikaja cha bata.

Kilikuwa kitabu kizuri, sikatai, chenye rangi nzuri. Baba bata anakwenda sokoni, mvua inanyesha, mto unajaa, na kila ukurasa kifaranga chake kimesimama mlangoni kinamngoja. Mama anakiambia kiingie ndani, hakitaki. Ukurasa wa mwisho baba anatokea na mwavuli. Samiha alikitaka asubuhi, akakitaka mchana, na magharibi mbili mfululizo alirudi kusimama ukingoni mwa lami, safari hii akiwa na mwavuli wa Bi Kijakazi.

Jumamosi nilipokuja, Saleha alinikaribisha kwa sauti ya chini.

"Baba Luka, usije ukashtuka. Kile cha bata nimekishona."

"Umekishona vipi?"

"Kwa uzi wa kofia. Kurasa mbili za mwisho. Nimezipiga bandi tu, zitafumuka."

Nilikasirika. Nilimwambia kitabu si gunia, na hicho ni mali ya watu wote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Haya, wewe msomaji, nifundishe," alisema. "Baba mmoja anarudi, mwingine harudi. Mtoto wa miaka sita atajuaje wake ni yupi?"

Nikamwambia basi amweleze mtoto ukweli, asiushone. Nikasikia sindano ikipita kwenye kitambaa.

"Nikimwambia leo, atataka kumwona. Na mimi mlango huu sivuki. Nani atampeleka Moa, wewe? Wao walishamwacha nyumbani siku ya maziko. Ngoja nitoke eda. Nitamshika mkono, nimwambie tukiwa pale pale kaburini, aone mahali. Zimebaki wiki chache."

Zamani jambo kama hilo lisingeachwa kwa mama peke yake. Kungekuwa na somo wake aliyemfunda, kungekuwa na wazee wa kike wa kumpakata mtoto na kumwambia kwa utaratibu. Wazee hao tumewazika wote na hatukurithi kitu. Kitabu nilikiacha, kwa kuwa mtoto alikuwa amekikumbatia.

Alhamisi iliyofuata Saleha aliingia kuoga, na Samiha akaukata uzi kwa meno.

Mimi nilikuwa barazani kwangu. Niliona mtoto anapita mbio, kitabu mkononi, na kabla sijainuka nilimwona mama yake. Alitoka na nguo nyeupe zimemgandia mwilini, kichwa wazi, miguu mitupu, mbele ya wanaume wa kijiwe na wauza machungwa. Samiha alikuwa ameshaingia lami. Lori lilipiga honi. Saleha alimdaka mkono, akamvuta, wote wawili wakaangukia kwenye kokoto, na lori likapita bila kusimama.

Nilipowafikia mtoto alikuwa akijinasua.

"Niache, Mama. Nimeuona ukurasa wa mwisho. Anakuja."

Saleha hakumwachia. Alikuwa ameketi pale pale kwenye kokoto, maji yakimtiririka kichwani.

"Baba yako amekufa, Samiha," alisema. "Yuko Moa, wamemfukia. Haji. Ukikaa hapa mpaka uwe mtu mzima, haji."

"Na pikipiki?"

"Pikipiki pia haipo."

Mtoto alimtazama mama, akatazama barabara. Hakulia. Aliyelia alikuwa mama, kwa sauti, na sisi wanaume tukasimama kama miti, hakuna aliyejua pa kuweka macho. Kijana mmoja wa bodaboda alivua koti lake akamfunika kichwa. Mwingine, ambaye simtaji, alikuwa ameinua simu.

Kabla ya isha picha ile ilikuwa kwenye kundi la mtaa. Na hapo wanawake wakaja. Wale waliopata udhuru tangu khitma, wote siku hiyo walikuwa na nafasi. Ndala zilijaa barazani. Mmoja wao, wa nyumba ya kona, alisema eda imeharibika na inabidi ianzwe upya. Mwenzake akasema watu wa Moa waambiwe, kana kwamba simu yake haikuwa imeshawaambia. Sheikh wa msikiti wetu alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na kueleza kwamba kumwokoa mtoto ni dharura na eda ya mwanamke huyu haikuguswa. Walimsikiliza kwa adabu. Alipoondoka wakaendelea walipoishia.

Nilitamani kuwauliza walikuwa wapi mtoto alipokuwa akisimama barabarani. Sikuuliza, mimi ni mgeni wa dini na mgeni wa mji, mkonge ndio ulionileta, na miaka hamsini ya kukaa hapa haijanipa haki hiyo.

Watu wa Moa walinuna. Shemeji yake Saleha, Miraji, alipiga simu mara moja, akasema maneno ambayo Saleha hakunisimulia.

Kitabu cha bata nilikirudisha. Ritha alipitisha kidole kwenye matundu ya sindano, nikamweleza yote, akagonga muhuri. Nilichukua kingine, kisha kingine. Samiha barabarani hakwenda tena, lakini vitabu navyo alivikataa. Alikuwa akija dirishani, upande wa ndani, anaviangalia kwa nje tu.

"Humu nani amekufa?" aliniuliza.

Nikasema hakuna.

"Basi wape watoto wengine, Babu."

Nilitafuta rafu nzima ya watoto. Nilimwomba Ritha atafute naye. Vya kuhesabu vilikuwepo, vya usafi, vya magari, vya mtoto aliyepotea na kupatikana. Tulikipata kimoja cha mti unaokauka, na mwisho wake umechipua. Nilikirudisha kwenye rafu.

Kutoka ile Alhamisi Saleha hakutoa maoni tena. Nilipokaa barazani alinisalimu, akashona. Niliwahi kumdokeza kwamba kitabu fulani kilikuwa na samaki, nikitumaini atamsema. Akasema, "Wacha, Baba Luka, wamejitahidi."

Eda ilipokwisha, alioga, akavaa rangi, akamchukua mtoto wakaenda Moa. Walirudi siku hiyo hiyo. Sikuuliza walivyopokewa. Nilimwona Samiha na mchanga kwenye magoti, akatembea mpaka ndani bila kugeuka. Wiki ile ile wakaanza kufunga vitu. Nilikwenda kumwambia Saleha asiwape watu wa mtaa furaha ya kumwona anaondoka, na kwamba maneno yao yatachakaa.

"Sikimbii maneno," alisema. Sasa tulikuwa tunazungumza uso kwa uso, na niliona amekonda. "Kila lori likipita, mtoto anaamka. Ushongo hakuna lami."

Nilimwambia kule nako hakuna maktaba. Akatabasamu kidogo, akasema mama yake bado yu hai na meno mawili, na hadithi anazo.

Waliondoka asubuhi kwa bajaji, hadi stendi ya magari ya Pangani. Bi Kijakazi alikaa mbele na dereva, amekumbatia sufuria, akimwonya asimtikise. Godoro lilisimamishwa pembeni mwa Saleha, limefungwa kwa kanga, na kila bajaji ilipoyumba lilimwegemea. Wanawake wa kona walitoka milangoni kuaga kwa mikono, na yeye aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Samiha alikuwa amelala mapajani mwake, mdomo wazi, na jua lilipowapiga pale kwenye upenyo wa nyumba Saleha alimfunika uso kwa kiganja. Hivyo ndivyo nilivyowaona mara ya mwisho, bajaji ikikata kona ya msikiti, mkono wa mama juu ya macho ya mtoto.