Kompaila Isiyojua Salamu

Nilirudi Mombasa na sanduku moja, sufuria nzito ya kumzawadia shangazi yangu, na diploma ya kompyuta niliyoisomea jioni baada ya kushinda kutwa nikipanga maboksi katika ghala moja huko Ghuba. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, ni wepesi wa kusahau. Diploma nimeitundika sebuleni kwa shangazi, mkabala na mlango, mgeni asipate tabu ya kuitafuta.

Basi nilipoitwa kwa majaribio ya wiki mbili katika ofisi ndogo ya Makadara, inayowatengenezea programu mawakala wa forodha wa Kilindini, sikuona haja ya kumtajia shangazi neno majaribio. Nilimwambia nimepata kazi. Yeye akawaambia majirani, majirani wakaupeleka ujumbe msikitini, na Ijumaa ya kwanza nikapongezwa na watu nisiowajua. Ikawa sasa kazi hiyo ni lazima niipate.

Mkuu wetu alikuwa dada wa bara, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, msema kidogo. Siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kuandika programu kwa lugha ya fanksheni.

"Mimi nimeandika kwa kila lugha," nikamjibu.

"Sawa kaka. Basi kwako hii itakuwa likizo."

Haikuwa likizo. Katika lugha nilizozizoea, unakiweka kitu mahali, ukikichoka unakitoa unatia kingine. Hii haitaki mchezo huo. Thamani ukishaipa jina, imekaa. Ukitaka nyingine, unda nyingine. Unaandika fanksheni ndogo, yaani kanuni ya kazi moja, unaikabidhi orodha nzima, nayo inakurudishia orodha mpya. Hapo nilielewa upesi kuliko wote ofisini, kwa sababu nimelelewa kando ya sinia la sambusa. Shangazi ana namna moja tu ya kukunja, na kila manda, ule mkate mwembamba wa kufungia nyama, hupitia mikunjo ile ile. Nikamweleza mkuu wangu mfano huo, nikangoja sifa.

"Umekaribia," akasema. "Ila huku ukimaliza kukunja, manda zako za mwanzo bado ziko kwenye sinia, nzima nzima."

Nilipomsimulia shangazi, alisimamisha mkono. "Wakunja na manda haziishi? Hiyo lugha ina baraka, mwanangu. Niletee na mimi."

Kazi niliyopewa ilikuwa hivi: programu isome orodha ya makontena, ichague yale yaliyokaa bandarini muda mrefu, ya zamani yakitangulia. Ijumaa ya pili, baada ya sala, karani wa wakala mmoja angekuja kuitazama. Ikienda, nabaki. Isipoenda, ningerudi nyumbani kuwaeleza wale wote walionipongeza.

Nilianza na maktaba, yaani vifurushi vya msimbo walivyoandika wengine ili wewe usihangaike. Nikashusha saba. Moja ilikuwa ya tarehe, na nyingine ya tarehe pia kwa kuwa ya kwanza haikunivutia, na moja ya kupaka maandishi rangi. Zile mbili za tarehe zikagombana: hii ilitaka toleo jipya la kitu ambacho mwenzake alikitaka cha zamani. Mkuu aliitazama orodha yangu kwa muda.

"Kaka, hapa umeoa wake wawili ukawaweka chumba kimoja."

Akaniachia moja ya tarehe. Ile ya rangi nayo akaifuta bila kuniuliza, na mpaka leo naona ilikuwa nzuri.

Tabu yenyewe ilikuwa kompaila, ile programu inayosoma ulichokiandika kabla ya kukubali kukiendesha. Nyingine hukupa kosa moja au mawili. Hii ilinipa arubaini na moja, kioo cha kompyuta kikajaa mpaka juu. Sikutishika. Kila mara niliteremka hadi kosa la mwisho nikalirekebisha, nikapanda la juu yake. Jumatano nzima nilifanya hivyo, na Alhamisi. Nikirekebisha mawili yanazaliwa matatu. Nyumbani nilianza kuzungumza na sahani.

"Wagombana na nani humo?" shangazi akauliza.

"Na mashine."

"Na diploma yote ile?"

Ijumaa asubuhi mkuu alivuta kiti akakaa nyuma yangu. Nikaiita kompaila, makosa yakamwagika, nami kama kawaida nikateremka chini kabisa.

"Mbona unakimbilia chini?"

Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni adabu za pwani. Mtu mwenye adabu haanzi na haja yake. Atakuuliza hali, na ya nyumbani, na mama, na watoto, na kazi, na joto la jana. Haja yenyewe huja mwisho, ameshasimama anatafuta viatu. Sisi tuliolelewa vizuri tunajua pa kusikiliza.

Hakucheka papo hapo. Alitazama dirishani kwanza.

"Kaka, hii kompaila haikuzaliwa hapa. Ni kama sisi wa bara. Ikifungua mdomo imeshasema shida yake. Hayo mengine arubaini ni malalamiko tu. Hebu panda juu."

Nikapanda. Kosa la kwanza kabisa, ambalo kwa siku mbili nililichukulia kuwa ni salamu, lilinielekeza mstari wa tisa. Pale niliahidi kwamba kila kontena lina tarehe ya kuwasili. Kwenye orodha ya karani baadhi yalikuwa hayana, na lugha ile hutaka uungame mapema kwamba kitu huenda kipo na huenda hakipo. Niliungama kwa neno moja, na makontena yasiyo na tarehe nikayatengea orodha yao. Makosa yakabaki matano, na yote matano yalikuwa ni marekebisho yangu mwenyewe ya Jumatano. Niliyatengua kabla ya adhana.

Karani alikuja saa nane, amevaa kofia ya vito, ile ya kutariziwa kwa mkono. Akatuuliza hali zetu mmoja mmoja kabla ya kuangalia kioo, nami nikamtupia mkuu wangu jicho. Kisha akavuta ile orodha ya makontena yasiyo na tarehe, akaipitia kwa kidole. "Haya ndiyo yanayotutesa," akasema. "Hakuna aliyewahi kutuonyesha." Alipotoka, mkuu aliniambia maneno mawili: "Jumatatu uje."

Njia nzima hadi nyumbani nilitembea haraka. Nilisukuma mlango, nikamkuta shangazi kwenye sinia lake, nikasema, "Nimepata kazi."

Akainua uso taratibu. "Kazi si ulipata wiki mbili zilizopita?"

Nikajifanya naitazama diploma ukutani.

"Na waingia kwangu huna salamu, huna hodi? Ndiko kusoma huko? Toka. Uingie upya."

Nikatoka, nikasimama barazani na mkoba wangu, jirani akinitazama. Nikapiga hodi.